Nani Anabaki Nyumbani Jumapili? Somo la Haki Kutoka Montgomery, Pugu na Boko



Mwezi huu kikundi chetu cha vijana hapa Boko kilipanga somo la haki za binadamu, na mada ilikuwa mapambano ya watu weusi wa Marekani. Nikapewa mimi kuandaa. Kwa kawaida somo hili likitolewa anatajwa Martin Luther King, inatajwa hotuba yake ya mwaka 1963, tunapiga makofi, tunafunga kwa sala na kwenda kunywa soda. Safari hii nilitaka tuanzie mbali kidogo na hotuba, kwa sababu ukiisoma vizuri habari ya Marekani unakutana na ya kwetu Dar es Salaam, na ukiziweka zote mbili pamoja unamkuta ndani yake mtu mmoja ambaye kila mtaa wa Boko unamfahamu. Nitafika kwake.

Tuanze na Machi 1955.

Tarehe 2 ya mwezi huo, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, mwanafunzi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alipanda basi akitoka shuleni. Utaratibu wa mabasi ya mji ule ulikuwa Wazungu wakae mbele na weusi nyuma, na sehemu ya Wazungu ikijaa, mweusi aliyekaa karibu ainuke ampishe. Dereva akamwamuru binti ainuke. Akakataa. Wakaitwa polisi, wakamtoa ndani ya basi na kumfunga pingu. Miaka 15, jamani. Wengine mnaosoma hapa ndiyo kwanza mnajiandaa na Kipaimara.

Siku tano baadaye, tarehe 7 Machi, katika nchi ileile, mwalimu wa miaka 32 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alikuwa ametoka kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, pale pale Pugu tunapoijua. Alikwenda kusema kwamba Tanganyika itambuliwe kuwa ni nchi ya Waafrika na iandaliwe kujitawala. Huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Yeye na Claudette hawakujuana kabisa, na sidhani kama mmoja aliwahi kusikia habari za mwenzake wiki ile. Lakini walikuwa wanakataa jambo moja.

Maana tusidhani ubaguzi wa rangi ulikuwa wa Wamarekani peke yao. Dar es Salaam ya mkoloni ilipangwa kwa rangi: Wazungu kule Uzunguni upande wa bahari, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Shule zilikuwa za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hata ugonjwa ulikuwa na rangi: hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Mwaka huohuo 1955 serikali ikaleta utaratibu mpya wa Baraza la Kutunga Sheria: viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Wakauita usawa. Sasa piga hesabu mwenyewe. Wazungu wa Tanganyika walikuwa kama 20,000 na Waafrika zaidi ya milioni 8. Ule ni usawa wa kumgawia mtu mmoja sufuria nzima na ukoo mzima sufuria nyingine.

Nyerere aliporudi kutoka New York aliwekwa njia panda: aendelee kufundisha au aendelee na TANU, chama kilichokuwa na miezi minane tu tangu kuanzishwa Saba Saba 1954. Shule za misioni zilipokea ruzuku ya serikali ya kikoloni, na mwalimu anayeipinga serikali hiyo hadharani ni mzigo kwa shule. Machi hiyohiyo akaacha kazi. Alikuwa na mke, Mama Maria, na familia changa. Mshahara wa mwalimu mwenye shahada kutoka Edinburgh ulikuwa kitu kikubwa kwa Mwafrika wakati ule. Akauacha.

Nataka mlitazame hili vizuri, kwa sababu huwa tunalipita haraka. Aliacha kazi katika shule ya Kanisa, hakuliacha Kanisa. Alibatizwa akiwa kijana wa miaka 21, Desemba 1943, yaani alichagua mwenyewe, na mpaka uzeeni watu wa Dar es Salaam walizoea kumwona kwenye Misa za asubuhi. Ukimwuliza kijana wa leo atakwambia siasa na dini ni mafuta na maji. Mwalimu aliona kinyume. Oktoba 1970, akiwa rais, alikwenda New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, akawaambia kwa uwazi kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mipango inayowafanya watu wawe maskini na wanyonge, litahesabiwa upande wa wanaowaonea, na watu wataliacha. Fikiria kuwaambia hivyo masista, tena wa Marekani, wamekaa mbele yako. Na hakuwa anawatukana. Aliwapenda Wamaryknoll, na wao walifanya kazi kubwa kwao Musoma.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kanisa letu Marekani halikuwa safi katika jambo hili. Yapo makanisa Katoliki ambako weusi walikaa viti vya nyuma na kupokea Komunyo baada ya Wazungu. Oktoba 1955, sehemu iitwayo Jesuit Bend karibu na New Orleans, padre mweusi alifika kuadhimisha Misa, waamini Wazungu wakamzuia. Yesu wanamtaka, mikono iliyomshika hawaitaki! Askofu Mkuu Joseph Rummel hakubembeleza. Akasimamisha Misa katika kanisa lile. Mwaka 1956 akaandika kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi, na mwaka 1962, alipoamuru shule zake zote zipokee watoto wa rangi zote, aliwatenga na Kanisa watu watatu walioongoza upinzani. Mzee yule alikuwa na miaka zaidi ya 80 na macho yake yalikuwa karibu hayaoni. Pia tarehe 10 Machi 1965 Sista Antona Ebo, mtawa mweusi kutoka St. Louis, alisafiri mpaka Selma akiwa na mavazi yake ya kitawa, siku tatu tu baada ya polisi kuwapiga waandamanaji pale darajani. Kwa hiyo tuna aibu yetu, na tuna mashahidi wetu.

Sasa turudi Montgomery, kwa sababu yule mtu niliyewaahidi anaingia hapa.

Claudette alipokamatwa wazee hawakuanzisha mgomo. Ulianza tarehe 5 Desemba 1955, baada ya fundi cherehani Rosa Parks kukataa kumpisha Mzungu siku nne kabla. Watu weusi wakasema: hatupandi basi. Wao ndio waliokuwa karibu robo tatu ya abiria. Mgomo ukadumu siku 381. Mchungaji kijana wa Kibaptisti, King, miaka 26, ndiye aliyewekwa mbele kuzungumza, na alizungumza vizuri sana. Lakini mgomo wa basi hauendeshwi kwa hotuba. Unaendeshwa kwa miguu. Na miguu ilikuwa ya nani?

Wengi walikuwa dada wa kazi. Wapishi, wafua nguo, walezi wa watoto katika nyumba za Wazungu. Hao ndio waliokaa mbali na kazini, hao ndio waliohitaji basi asubuhi na jioni, na hao ndio waliotembea mvua na jua kwa mwaka mzima na siku kadhaa. Kuna jambo linachekesha: mama wenye nyumba Wazungu walianza kuwafuata wafanyakazi wao kwa magari, maana bila dada chai haichemki na mtoto haogi. Meya wa mji akawalalamikia waache, kwamba wanausaidia mgomo. Mama wengi wakaendelea. Serikali ya mji ilikuwa na polisi na mahakama, lakini ilishindwa kumpatia meya mtu wa kupika.

Mmoja wa wanawake hao aliitwa Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi. Alipotoa ushahidi mahakamani juu ya manyanyaso ya kwenye mabasi, akafukuzwa kazi. Akaanza kupikia nyumbani, akakusanya wanawake wenzake, wakawa wanauza kuku, keki na vyakula vingine, na fedha wanapeleka kwenye mfuko wa mgomo kununulia mafuta ya magari yaliyobeba watu. Kikundi chao walikiita kwa jina la mzaha lenye maana ya "kikundi kisichotoka popote", ili mtu akiuliza fedha imetoka wapi, jibu liwe la kweli kabisa: haikutoka popote. Wakati mwingine mtoaji alikuwa mfanyakazi ambaye bosi wake angemfukuza akijua.

Na kesi iliyomaliza ubaguzi wa mabasi ya Montgomery, ile iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1956, ilikuwa na majina ya wanawake wanne. Mmoja wao ni yule binti wa miaka 15.

Huku kwetu hali ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1955 TANU ilikuwa chama cha wanaume wenye suti na kalamu, wengi makarani na walimu, na mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na siasa. Aliyewajaza watu ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, Mwislamu wa Dar es Salaam, hakusoma sana. Alizunguka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama, kwa wauza vitumbua na wapika pombe, watu ambao hawakuwa na mshahara wa serikali wa kutishiwa nao. Kufikia Oktoba mwaka huo wanawake kama 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Mwalimu alipofika kwenye mkutano, umati ulikuwa tayari. Ukipita Barabara ya Bibi Titi mjini, kumbuka na hao wauza vitumbua ambao hawana barabara.

Niseme na hili, maana mtu ataniuliza. Bibi Titi huyohuyo alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akaachiwa mwaka 1972. Na tangu 1962 nchi yetu huru ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Kanisa limeanza mchakato wa kumtangaza Mwalimu mtakatifu, na mimi ninausali kwa moyo wote. Kuusali hakunilazimishi kuamini kwamba kila uamuzi wake ulikuwa wa haki. Anayedai haki mlangoni kwa mwenzake ana kibarua kingine kigumu akishapewa yeye nyumba.

Na nyumba ndiyo hoja yangu.

Boko tunakoishi, kuanzia Magengeni mpaka Basihaya, nyumba nyingi zina geti, na nyuma ya geti kuna dada wa kazi. Ametoka Singida, Njombe, Tanga, Mtwara. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Jumuiya ikikutana nyumbani kwenu, yeye ndiye anayepanga viti, anapika uji na chai, na rozari ikianza yuko jikoni. Tunamwombea Papa, tunawaombea wagonjwa, tunawaombea viongozi wa nchi. Yeye anasikia kupitia dirishani.

Nilipofika hapa kwenye somo, kijana mmoja akanikatiza. "Sasa kaka, huyo Claudette anahusiana nini na hausigeli?" Kabla sijajibu, msichana mmoja wa kikundi akasema kwao kuna dada wa miaka 17, amebatizwa, anataka kujiandaa na Kipaimara, na miezi mitatu sasa anaambiwa subiri, kwa sababu Jumapili nyumba nzima ikienda kanisani mtoto mdogo atabaki na nani? Darasa likatulia. Kila mmoja alikuwa anafikiria kwao.

Fungueni Biblia zenu, Kutoka sura ya 20, aya ya 8 hadi ya 11. Hiyo ni Amri ya Tatu, kushika kitakatifu siku ya Mungu. Tunaikariri kwa ufupi, ndiyo maana tunapitwa na kilichomo ndani. Someni yote. Mungu anapotaja watu wanaopaswa kupumzika anaanza na wewe, anataja mwanao na binti yako, kisha anamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, anaendelea mpaka mnyama wa kufugwa na mgeni aliye malangoni kwako. Halafu nendeni Kumbukumbu la Torati 5:14-15, amri ileile inatolewa mara ya pili na sababu inaongezwa: mtumishi wako apumzike kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri. Kwa hiyo familia inayokwenda Misa kila Jumapili na kumwacha dada na mtoto, sufuria na pasi, wiki baada ya wiki, haijaishika Amri ya Tatu. Imeishika nusu, na nusu nyingine imembebesha mtu. Najua ni maneno magumu. Lakini ndivyo yalivyoandikwa.

Upande wa mshahara Maandiko ni makali zaidi. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 panaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijazama. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anamweka anayemnyima mfanyakazi ujira wake pamoja na mwuaji. Mtakatifu Yakobo, 5:4, anasema ule ujira uliozuiwa wenyewe unapiga kelele, na Mungu anasikia. Ndipo Kanisa linapofundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, kundi moja na damu ya Abeli. Papa Leo wa 13 aliijengea hoja hiyo barua nzima mwaka 1891, na Papa wetu wa sasa, aliyezaliwa Chicago, alieleza kwamba jina la Leo alilichagua hasa kwa ajili ya barua ile. Sasa linganisheni na maneno tunayoyasikia: "Mshahara wake ninamtunzia mimi." Anatunziwa mwaka mzima. Siku akiondoka, hesabu inakatwa sahani zilizovunjika, sabuni, nauli ya kumleta, na binti anarudi kwao na kitenge.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu na yeye: asiajiriwe mtoto wa chini ya miaka 14, mfanyakazi apate saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, alipwe kwa fedha siku iliyokubaliwa, na asikatwe kienyeji. Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani, na kipo chama chao, CHODAWU. Wengi wa dada zetu hawajawahi kuambiwa lolote kati ya hayo, na sisi tuliosoma uraia mpaka kidato cha nne hatukuwaambia.

Yule kijana akarudi tena. "Kwa hiyo kaka unatutuma tukagombane na mama zetu? Amri ya Nne je?" Swali zuri, na ndilo gumu kuliko yote. Mzazi anaheshimiwa. Kumsimamia mama yako sebuleni na kumsomea vifungu vya sheria mbele ya wadogo zako ni utovu wa adabu, na hautamsaidia dada hata kidogo. Pengine atafukuzwa jioni ileile, na atakayelala stendi ni yeye, wewe utalala kitandani kwako. Wale wa Montgomery walijua hesabu hiyo, ndiyo maana Georgia Gilmore alificha majina ya watoaji.

Ila liko jambo ambalo kijana analo na halihitaji ugomvi wala ruhusa kubwa: muda wake mwenyewe. Parokia nyingi zina Misa zaidi ya moja Jumapili. Mwambie mama: "Mama, wiki hii mimi nitabaki na mtoto Misa ya kwanza, dada aende, nami nitakwenda ya pili." Basi. Hujamhukumu mtu. Umetoa zamu. Mama akiuliza kwa nini, mwambie ukweli kwa upole, kwamba hata yeye ni Mkristo. Kama dada ni Mwislamu, zamu ni ileile, apate siku yake na ibada yake. Halafu fua soksi zako, na ule ugali mezani pamoja naye. Mambo ya mshahara na mkataba waachieni watu wazima wenye kusikilizwa na mama zenu. WAWATA wapo, mwenyekiti wa jumuiya yupo, Baba Paroko yupo. Wafuateni ninyi kama kikundi, bila kutaja nyumba ya mtu, muwaombe waliweke jambo hili kwenye tafakari za Kwaresima.

Sisi tumeanza. Vijana kumi na mmoja walijiandikia zamu siku ileile, na wengine walisema watafikiri, jambo ambalo nimelielewa. Yule dada wa miaka 17 ameanza mafundisho kwa katekista Jumamosi jioni, baada ya msichana wa nyumba ile kukubali kushika mtoto na kupika chakula cha usiku. Chakula cha kwanza kiliungua, nimeambiwa. Mshahara wake bado "anatunziwa". Mama mmoja wa WAWATA ameahidi kwenda kukaa na mama mwenye nyumba, wanawake kwa wanawake, na mpaka ninapoandika hajaenda.